Mashine Iliyozoea Kuuliza

Watu wa mtaa huu wakimtaja mkazamwana wangu husema, "yule aliyeachiwa mama mkwe." Wanasema hivyo kana kwamba mimi ni gunia aliloshushiwa mlangoni, au yeye ni kiti kilichosahauliwa siku ya kuhama. Nimewasikia dukani, nimewasikia kwenye foleni ya maji, na sijawahi kuwageuzia shingo. Lakini kuna jambo lake moja wanalolisimulia kwa kicheko, kwamba alifanya mtihani wa kompyuta akaufuta mtihani wenyewe. Hilo nitalieleza mimi, kwa kuwa nilikuwepo, na wao hawakuwepo.

Mwanangu, mume wake, ni fundi wa kompyuta. Alianzia kwenye redio yangu. Aliifungua akiwa hajaota ndevu, akairudishia skrubu zote isipokuwa moja, na redio ikaimba. Tangu hapo nilijua ana mkono, na nilijua pia kwamba kila anachokishika hubaki na kitu chake ndani. Alipooa, alimleta mke kwenye nyumba hii yenye vyumba vitatu na baraza, akamwambia mbele yangu, "Hapa ni kwa muda." Kisha akapata kazi nchi ya mbali. Alisema akishapata chumba cha kutosha wawili atamwita. Chumba hicho bado kinatafutwa.

Alichoacha ni kompyuta. Ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, ubavuni mwa cherehani yangu, imefunikwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Mtoto hawakujaaliwa. Kwa hiyo jioni nyumbani mwetu tulikuwa wanawake wawili na mashine mbili, na kila mtu alikuwa akiinamia yake.

Mkazamwana wangu alikuwa karani wa masjala katika hospitali. Mtu asiyejua masjala hudhani ni mahali pa kukaa. Ni mahali pa kukimbia. Daktari anataka faili la mgonjwa, unalitafuta kwenye rafu, unalipeleka, unalirudisha, na kati ya kupeleka na kurudisha kuna watu wawili au watatu wa kukukaripia. Alirudi nyumbani na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Nilikuwa namtania, "Leo umezeeka kunipita," naye hujibu, "Nimezeekea watu wa faili, Mama, mimi mwenyewe bado."

Mwisho wa ukumbi wa hospitali hiyo kuna chumba chenye mlango wa kioo na hewa ya baridi. Ndimo zilimo kompyuta kubwa zinazotunza kumbukumbu zote. Mkuu wa chumba hicho wafanyakazi walimpa jina la Bwana Nyaya, maana hapiti bila waya kumning'inia shingoni, kama daktari na kipimo chake. Humo mlikuwa na kiti kimoja kitupu, cha msaidizi wake. Kompyuta za masjala zilipokwama, mkazamwana wangu alikuwa akizikwamua kwa yale aliyoyaokota kwenye mashine ya mume wake, na Bwana Nyaya akaliona hilo. Siku moja akamwambia, "Dada, leta kile cheti cha mwanzo cha mfumo huria. Ukikileta, kiti kile ni chako. Bila cheti wakubwa hawatanielewa."

Alirudi siku hiyo hajavua viatu, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Mama, nataka kufanya mtihani."

"Mtihani wa nini tena, mtu mzima una mvi mbili?"

"Ni tatu. Ya kisogoni huioni." Akakaa. "Nikifaulu, natoka masjala. Nakaa kwenye kiti changu, na jina langu mlangoni."

Nilisimamisha cherehani. Nilimtazama nikaona kwamba si kiti anachokitaka. Alitaka, akiulizwa na watu "mumeo anakuita lini?", awe na kitu kingine cha kujibu. Mwanamke anayesubiri kuitwa hana jibu lolote lililo lake. Hata akinunua sufuria, watu humuuliza kama ataondoka nayo.

"Huo mfumo huria ndio nini?" nikamuuliza. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini sipendi kuzungumziwa juu ya kichwa.

Akafikiri. "Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha. Mingine imefungwa, mwenyewe ni kampuni, wewe unaitumia tu na huoni ndani. Huu hauna mlinzi. Ni kama ile karatasi yako ya kukatia gauni, Mama, ukiigawa kwa washonaji wote. Kila mmoja anaruhusiwa kuipunguza, kuiongeza, kuigeuza mikono, na kumpa mwingine."

"Na wote hawagombani?"

"Wanagombana sana. Ila gauni linavalika."

Hapo nilimwelewa. Nikamwambia asome, na maji ya jioni nitachota mimi.

Akanunua kitabu cha mtumba, kinene, cha Kiingereza, jalada limeng'oka. Alikata vipande vya karatasi ngumu kutoka kwenye maboksi ya dawa, kila kipande akaandika swali mbele na jibu nyuma, kwa Kiswahili chake, ili mimi niweze kumsikiliza. Kazi yangu ikawa kushika kadi. Nilikuwa mkali. Akikosa neno moja namrudisha mwanzo.

"Amri ya kuonyesha vilivyomo kwenye folda?" Anajibu. "Amri ya kujua uko folda gani?" Anajibu. "Amri ya kumnyang'anya mtu ruhusa ya kuandika kwenye faili?" Anasita, anatazama dari.

"Dari halikufanya mtihani," namwambia.

"Wala wewe, Mama."

"Mimi ndiye msimamizi. Jibu."

Baada ya kadi alikuwa anaiwasha mashine na kufanya kwa vitendo, kwa kuwa mtihani ulikuwa na sehemu mbili, maswali kwanza, kisha kazi za mikono kwenye kompyuta ya kituo cha mtihani. Alikuwa anatengeneza mafaili ya mchezo, anayahamisha, anayapa majina mapya. Na alipomaliza, alikuwa na namna yake ya kusafisha. Aliandika amri ya kufuta, kisha alama ya nyota, ambayo maana yake ni vyote vilivyomo. Mashine haikufuta. Ilimuuliza, kimoja baada ya kingine. Yeye alinisomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya karani wa mahakama, huku akibonyeza.

"Nifute barua ya kwanza? Ndiyo. Nifute barua ya pili? Ndiyo. Nifute picha ya mama? Hapana. Nifute orodha ya majina? Ndiyo."

Ilikuwa kama mtu anayepembua nafaka kwenye ungo, hizi zibaki, hizi zitoke. Ilinipendeza. Nilisema, "Mashine hii ina adabu kumshinda aliyeinunua." Mkazamwana wangu hakucheka, ila mabega yake yalitikisika.

Binti yangu, wifi yake, alikuwa anakuja mwisho wa wiki. Binti yangu ana duka la vipodozi na ulimi usio na bawaba. Alimkuta wifi yake kwenye mashine akasimama nyuma yake, mkono kiunoni.

"Wenzio wana waume, wewe unapiga gumzo na kompyuta ya mume."

"Yenyewe hunijibu, wifi."

"Na hicho cheti utakivaa au utakipika?"

"Nitakukopesha ukivae kwenye harusi. Kitakutosha, hakina kiuno."

Binti yangu akacheka mwenyewe, maana ana haki ya kushindwa kama wengine. Lakini alipofika mlangoni alinivuta pembeni. "Mama, usimtie kiburi. Kaka akisikia amepata cheo, ndiyo hatamwita kabisa." Nikamwambia kaka yake amekuwa hamwiti tangu alipokuwa hana cheo. Akaondoka amenuna.

Sasa nifike kwenye kadi moja.

Siku hiyo nilimuuliza, "Amri ya kufuta, je, huuliza kabla ya kufuta?"

"Huuliza," akajibu upesi.

Nikageuza kadi. "Hapa umeandika haiulizi, mpaka uiambie iulize."

Akaichukua kadi, akafungua kitabu, akasoma mstari ule kwa kidole. Kitabu kilisema haiulizi. Akawasha mashine, akaandika amri ile ile, mashine ikamuuliza. Akarudia. Ikamuuliza tena. Tukatazamana.

"Nani mwongo?" nikasema.

"Ngoja nimpigie mwenyewe."

Alimpigia mume wake, akaweka simu mezani sauti ikiwa wazi, maana nyumba yetu haina siri ndogo ndogo. Mwanangu alipokea akiwa na haraka.

"Kitabu kinasema amri ya kufuta haiulizi," mke wake akamwambia. "Hapa inauliza. Nifuate kipi?"

"Si nilikwambia siku zote? Kitabu kinaandikwa na mtu, na mtu hukosea. Mashine haidanganyi. Amini mashine."

"Kwa hiyo huuliza."

"Wewe mwenyewe si unaona inauliza? Haya, nina mtu mlangoni. Msalimie Mama."

Mama alikuwa pale pale. Siku zote ana mtu mlangoni, mwanangu. Huko aliko lazima bawaba zimelegea.

Mkazamwana wangu alichukua kalamu, akakata neno "haiulizi", akaandika "huuliza", akairudisha kadi kwenye furushi. Alikuwa na sababu ya kumwamini. Alichojua kuhusu kompyuta alikijua kwa macho ya mtu yule, akikaa nyuma ya bega lake katika mwaka wao wa kwanza, mwaka ambao walikuwa wakichekana mpaka mimi nakohoa chumbani kwangu kuwakumbusha kwamba nipo. Neno "amini mashine" alikuwa amelisikia tangu wakati huo. Na vidole vyake vilikuwa vimeulizwa mara nyingi kuliko kitabu kilivyosomwa.

Siku ya mtihani nilimshonea gauni la kijivu lenye kola ndogo. Nikamwambia naenda naye. Akasema, "Mama, hata watoto wa chekechea hawasindikizwi siku hizi." Nikavaa viatu.

Kituo kilikuwa darasa katika chuo cha ufundi. Niliketi kwenye benchi la ukumbini, mbele ya dirisha la kioo, nikaona migongo ya watahiniwa kwenye mistari. Wengi walikuwa vijana wa umri wa kuzaliwa naye. Mgongo wake niliutambua kwa kola. Sehemu ya kwanza alikwenda vizuri. Mtu mwenye mashaka mabega hupanda, na yake yalikuwa chini. Nikatoa kitambaa nikaanza kupinda ukingo kwa mkono, nikawa na raha, nisikudanganye. Nilikuwa najipangia nitakavyopita mbele ya duka la binti yangu.

Nilipoinua macho tena, mkono wake ulikuwa juu.

Msimamizi, bwana mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alimwendea, akainama, akatikisa kichwa. Akasema neno, naye akasema neno. Msimamizi akatikisa kichwa tena, akarudi mbele. Mkazamwana wangu alibaki na mikono mapajani. Wenzake walikuwa wakiandika. Yeye hakugusa tena kibodi mpaka walipoambiwa watoke.

Alitoka, akanipita, akarudi, akanishika mkono. Tulitembea njia nzima hivyo.  Alipofika nyumbani alivua gauni, akalikunja vizuri kama mgeni anayerudisha nguo ya kuazima, ndipo akasimulia.

Sehemu ya vitendo ilianza na kazi nyepesi. Kulikuwa na folda yenye mafaili mengi. Waliambiwa wafute ya zamani na wabakize machache yaliyotajwa, kisha kazi zote zilizofuata zilikuwa juu ya hayo yaliyobaki. Kuyanakili, kuyafunga pamoja, kubadilisha ruhusa zake. Wengine walikuwa wanayafuta kwa kuyataja majina. Yeye akaona anayo njia iliyonyooka. Akaandika amri ya kufuta, akaweka nyota, akabonyeza, na kidole akakiweka tayari akisubiri kuulizwa la kwanza.

"Haikuniuliza, Mama."

"Haikukuuliza nini?"

"Chochote. Ilirudisha mstari mtupu. Nikadhani imekwama. Nikaangalia ndani ya folda, hakuna kitu. Yote yamekwenda, na yale ya kubaki pia."

"Na yule bwana ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sikuulizwa. Akasema, 'Uulizwe na nani?'"

Kazi zilizofuata hakuwa na cha kuzifanyia. Matokeo yalitoka papo hapo kwenye skrini, na neno lake lilikuwa moja, ameshindwa. Maswali alikuwa ameyafaulu, hata hivyo moja alilikosa, na mimi nalijua lilikuwa lipi, maana kadi yake nilikuwa nimeishika mimi.

Sikumwacha mwanangu alale na hilo. Jioni ile ile nilimpigia mimi mwenyewe, na nikamwambia awaache watu wote mlangoni. Nilimweleza yaliyotokea.  Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu kilichompotea.

"Ah, ile. Ile niliiweka mimi, Mama, kabla sijaondoka. Kuna faili limefichika humo, unaandika mstari mmoja tu, basi kila ukisema futa, inauliza kwanza. Mashine nyingine hazina hiyo mpaka uiweke."

"Uliiweka kwa nini?"

"Si alikuwa anajifunza? Angenifutia vitu vyangu."

"Na alipokupigia kukuuliza?"

"Nilisahau. Nina mambo mengi huku."

"Hukusahau vitu vyako."

"Mama, si mtihani tu? Atarudia."

Nikakata simu. Sikuwa nimewahi kumkatia simu mtoto niliyemzaa.

Nimeshona nguo za watu tangu nikiwa msichana, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Ukimpanulia mteja gauni kiunoni, unamwambia. Ni ufundi, na ni heshima pia. Usipomwambia, kesho atakwenda dukani atanunua jingine kwa kipimo kile anachodhani ni cha mwili wake, na litampasukia mbele ya watu. Naye atajilaumu, atasema nimenenepa. Mwanangu aliigeuza mashine, akazificha nyuzi, akamwambia mke wake "amini hiyo". Watu wakisema alimjali, akamwekea kinga, mimi nasema kinga ilikuwa ya vitu vyake. Kwake yeye, mke ndiye aliyekuwa hatari.

Kilichonikata ini ni kwamba yeye hakumlaumu. Aliketi mbele ya mashine, akalitafuta lile faili lililofichika, akalipata, akausoma ule mstari kwa muda. "Ameuandika vizuri," akasema. Kisha akauondoa.

Siku ya kazi alikwenda kwa Bwana Nyaya kumweleza. Bwana Nyaya alimsikiliza na waya wake shingoni, akasema, "Dada, hilo kosa hata mimi nimewahi kulifanya. Mimi ningekusubiri. Wakubwa ndio hawasubiri." Baada ya muda kiti kilipata mtu, msichana mwembamba mwenye cheti na sauti ya upole. Nilitamani awe na dharau, tupate cha kusema. Hana. Akipita masjala humwamkia mkazamwana wangu, "Shikamoo dada," na faili akilitaka husema tafadhali. Mtu wa aina hiyo unamchukia kwa shida sana, inakubidi ujitahidi.

Binti yangu alikuja na pole yake. Alikuwa ameshalisimulia dukani kwake, na lilikuwa limeshapata miguu, limekuwa "alifuta mtihani". Akakaa, akala, akasema, "Wifi, ndiyo Mungu amekuonyesha. Tulia umsubiri mumeo."

"Nimesajili tena," mkazamwana wangu akamjibu.

"Kiti si kimeshachukuliwa?"

"Kimechukuliwa."

"Sasa cheti cha nini?"

 Mkazamwana wangu alimwongezea chai. Nilimtazama nikaona kwamba hata yeye hana jibu, ila ameanza safari na miguu haijui kurudi.

Alisoma upya. Kadi zilikuwa zile zile, ile moja tu ameiandika tena. Lakini mkono wake ulikuwa umebadilika. Zamani vidole vilikuwa vikikimbia. Sasa kabla ya kufuta kitu aliangalia vilivyomo, akasoma, akaangalia tena, kisha akafuta kimoja kwa jina lake, na hata hapo alivuta pumzi. Ile sauti ya karani wa mahakama, "Nifute hiki? Hapana," haikusikika tena nyumbani. Mashine sasa ilifanya kila alichoiambia bila neno. Nikimshikia kadi, hakunitania. Alijibu, na ikawa basi.

Akafaulu. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu siku yenyewe ilikuwa fupi. Hakutaka nimsindikize, nikamtii. Alirudi na mkate, akaniambia, "Nimepita, Mama," akaenda kuoga. Mimi ndiye niliyelia, peke yangu, nikiwa nimeshika mkate.

Mwanangu alipopata habari alipiga simu yeye mwenyewe, jambo ambalo halitokei. Alifurahi kweli, siwezi kumnyima hilo. "Umeona? Ni ile mashine yangu," akamwambia.

"Ndiyo," mke wake akasema. "Ni ile mashine yako."

Akamuuliza kama kuna lolote la chumba. Mwanangu akasema kodi za huko zimepanda.

Cheti kilipofika, alikipeleka kwa Bwana Nyaya kama walivyoagana. Bwana Nyaya akasimama, akampa mkono, akamwita na yule msichana aje aone. Msichana alimkumbatia. "Hongera sana, dada. Sasa tuombe wakubwa watupe kiti cha pili." Wakatoa nakala, wakaipiga muhuri, wakaituma ikahifadhiwe kwenye faili lake. Mafaili ya wafanyakazi nayo yanakaa masjala. Kwa hiyo karatasi ile ilitoka chumba cha kioo, ikapita ukumbi mzima mkononi mwa tarishi, ikaja kuwekwa mezani pake, naye akainuka, akatafuta rafu, akatoa faili lenye jina lake, akaiweka ndani, akalirudisha mahali pake. Aliponisimulia hilo alikuwa anachambua mboga, na hakuinua uso.

Mimi nilitaka kiwe na heshima yake, cheti chenyewe. Nilikwenda kwa seremala nikamwagiza fremu ya mbao iliyopigwa vanishi, na kioo mbele. Nikamwomba jirani anipigilie msumari ukutani sebuleni, pale ambapo mgeni akiingia hana budi kuangalia. Jioni nilipanda juu ya stuli na cheti mkononi, magoti yakilalamika, na hapo ndipo akaingia kutoka kazini.

"Mama, shuka."

"Shikilia stuli, mimi nakitundika."

"Usikitundike." Alikuja akashika stuli kweli, mikono miwili, akainua uso. "Wageni wakikisoma wataniuliza nakaa chumba gani."

Nikashuka. Alikitoa kwenye fremu taratibu, asiikunje pembe, akaenda nacho chumbani kwake. Nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa.

Kesho yake niliirudisha fremu kwa seremala. Akaipima kwa macho, akaniuliza kama amekosea kipimo. Nikamwambia kipimo kilikuwa sawasawa.